Kutoka Chusa hadi Bunduki ya Roda

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye mbali na pwani huulizwa mara nyingi na wanafunzi wake maana ya maneno kama chusa, kapi na roda. Hufungua kamusi, husoma maana, na somo likaendelea. Lakini maneno ya kazi hayaishi katika kamusi peke yake. Kila moja lina kitu chake kinachoshikwa kwa mkono, na kila kishikwacho kwa mkono kina historia. Katika makala haya twakusudia kuitazama historia ya chombo kimoja cha kuvulia samaki, tangu chusa cha mfupa hadi bunduki ya mshale yenye roda, ambayo hutumiwa na wapiga mbizi wa siku hizi.

Hoja yetu ni moja. Katika safari yote hiyo nguvu imebaki ile ile, yaani nguvu ya mkono wa mtu. Kilichobadilika ni namna ya kuiweka akiba na kuizuia isipotee. Na kadiri mtu alivyofaulu kuiweka akiba, ndivyo alivyolazimika kujiwekea mpaka, kwa maana samaki hawakupata silaha mpya.

Chusa na mipaka yake

Wengi wetu tumezoea kudhani kuwa chusa ni chombo cha watu wa bahari. Sivyo. Ushahidi wa kale sana wa chombo hiki umepatikana katika nchi zetu za bara. Huko Katanda, kando ya Mto Semliki utokao Ziwa Edward upande wa Kongo, karibu na mpaka wa Uganda, wataalamu wa mambo ya kale walifukua ncha za mfupa zilizochongwa miiba ubavuni, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Taarifa ya John Yellen, Alison Brooks na wenzao, iliyochapishwa mwaka 1995, ilikadiria kuwa ncha hizo zina umri wa miaka ipatayo 90,000. Ishango, mahali mto huo unapoliacha ziwa, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 akapata vyusa vingi vya mfupa vya zama za baadaye, umri wake ukiwa kama miaka 20,000. Mahali hapo ndipo palipopatikana ule mfupa mashuhuri wenye chale ambao wanahisabati wangali wakiujadili. Walimu wengi huutaja mfupa wa hesabu na kuvisahau vyusa vilivyolala jirani nao, ingawa huenda aliyekuwa akihesabu alishibishwa na aliyekuwa akivua.

Miiba ya ncha ile inatufunza jambo la kwanza: kumchoma samaki si kumpata. Ncha laini huingia na kutoka. Ncha yenye miiba huingia ikakaa. Jambo la pili twalipata katika Bahari ya Mediterania. Mwanahistoria wa Kigiriki Polybius, aliyeishi katika karne ya 2 kabla ya Kristo, alieleza jinsi nduaro walivyowindwa katika mlango wa bahari wa Messina, kati ya Italia na Sisilia; maelezo yake yametufikia kwa kalamu ya Strabo. Mlinzi alikaa juu na kutoa ishara. Katika kila mashua walikuwamo watu wawili, mmoja wa kupiga makasia na mmoja wa kurusha chusa. Ncha ya chusa haikukazwa mtini. Ilipoingia samakini iliachana na mti, ikabaki imefungwa kwa kamba ndefu, na samaki akaachwa akimbie mpaka achoke. Miiba na kamba: mambo haya mawili hayajaondoka katika chombo hiki hadi leo.

Hata hivyo chusa kilikuwa na mipaka miwili. Kwanza, mvuvi aliye juu ya mashua humwona samaki mahali asipokuwapo, kwa sababu mwanga hupinda unapotoka majini. Hana budi kulenga chini kidogo ya pale anapomwona. Pili, akiingia mwenyewe majini mkono wake hupoteza kazi yake. Maji ni mazito kuliko hewa kwa kadiri ya mara 800, na mkono unaorusha mkuki kwa kasi nchi kavu huwa kama umefungwa ukiwa ndani ya maji. Aweza kusukuma, hawezi kurusha.

Macho kwanza, silaha baadaye

Mpaka wa kwanza ulivunjwa katika miaka ya 1930 kwenye pwani ya kusini ya Ufaransa. Miongoni mwa waliouvunja alikuwamo Mmarekani Guy Gilpatric, mtunzi wa hadithi na rubani wa zamani, aliyekuwa akiishi Antibes. Alichukua miwani yake ya urubani, akaziziba nafasi zake ili maji yasiingie, akazamisha uso baharini akiwa na mkuki mkononi. Mwaka 1938 alichapisha kitabu kizima juu ya uvuvi huo. Mwaka 1937 kijana wa Austria, Hans Hass, alikutana naye na kujifunza kwake. Baadaye akawa mmoja wa wapigapicha mashuhuri wa chini ya bahari. Huko Toulon, mwaka 1936, ofisa wa jeshi la majini Jacques Cousteau alivaa miwani ya namna hiyo kwa mara ya kwanza, na kwa maneno yake mwenyewe maisha yake yakageuka.

Miwani ilikuwa na taabu yake. Mtu akizama, uzito wa maji huikandamiza machoni, na hana namna ya kuijaza hewa. Dawa ilikuwa kutengeneza miwani mikubwa yenye kioo kimoja na kuifunika pua pamoja na macho, ili mzamiaji aweze kupuliza hewa ndani yake kwa pua. Mfaransa mwingine, Louis de Corlieu, alikuwa amekwisha kuandikisha mwaka 1933 mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni. Ukiongeza mrija wa kupumulia, basi mtu aliweza kuelea kifudifudi, akatazama, akavuta pumzi na kuzama. Vitu hivi tunavyoviona leo katika maduka ya watalii vilimfaa sana mvuvi mwenye mkuki.

Sasa mtu aliona vema, lakini mkono wake ulikuwa ungali umefungwa na maji. Ndipo ilipotafutwa silaha. Alexandre Kramarenko, Mrusi aliyehamia Ufaransa, alikuwa miongoni mwa waliotengeneza bunduki ya springi kabla ya Vita Kuu ya Pili. Springi ilisukuma mshale, lakini ilishika kutu, ilipiga kelele, na ilikuwa nzito. Baada ya vita mafundi wa Marseille na miji ya jirani waligeukia mpira, na bunduki yao wakaiita kwa jina la Kifaransa la ule upinde wa zamani wenye kitako, arbalète. Jina hilo lilistahili, kwa kuwa chombo chenyewe kilikuwa upinde: mti, mshale, kifyatulio, na kitu kinachovutika.

Habari ya mpira

Hatuna budi kusimama kidogo hapa, kwani mpira si kitu kigeni katika historia ya nchi zetu. Utomvu wa mpira ulivyo kwa asili yake hunata wakati wa joto na kukatika wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kuwa ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto hupata uimara na kurudi katika umbo lake kila unapovutwa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alitengeneza gurudumu la baiskeli lenye hewa, na ulimwengu ukaona kiu ya mpira. Katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II tangu 1885 hadi 1908, kiu hiyo ilizimwa kwa damu: watu walilazimishwa kuingia msituni kugema mitambaazi, na walioshindwa kutimiza kipimo waliadhibiwa kwa ukatili ambao dunia ilikuja kuulaani. Mpira wa bunduki za leo hutokana zaidi na miti ya mashamba ya Asia. Lakini mwalimu wa Kongo au wa nchi jirani anapolitaja neno mpira darasani, yafaa akumbuke kuwa neno hilo jepesi lina mzigo mzito.

Sasa, mpira hufanya nini katika bunduki? Mvuvi hukiegemeza kitako kifuani au nyongani, hushika mpira kwa mikono miwili, huuvuta mpaka kitanzi chake kinase katika jino la mshale. Kazi hiyo humchukua sekunde kadhaa. Akikivuta kifyatulio, kazi ile yote hutolewa kwa kufumba na kufumbua. Mkono uliokuwa umefungwa na maji umefanya kazi yake polepole, nao mpira umeurushia haraka. Hii ndiyo akiba tuliyoitaja.

Roda iliongeza nini?

Katika bunduki ya kawaida mpira hufungwa mdomoni mwa bunduki, nao huvutwa nyuma. Tuchukue mfano wa bunduki ambayo toka mdomoni hadi jino la mshale ni sentimita 90. Mpira huvutika vizuri hadi kiasi cha mara tatu na theluthi ya urefu wake. Kwa hiyo mpira uliolegea utakuwa na urefu wa sentimita 27 hivi. Ukifyatuliwa, utausukuma mshale toka sentimita 90 hadi 27, kisha utalegea. Yaani mshale husukumwa kwa sentimita 63 tu. Sentimita 27 zilizobaki hupita bila msaada wowote, huku maji yakiupunguza mwendo. Karibu theluthi moja ya mti wa bunduki haina kazi ila kubeba.

Hapo ndipo roda ilipoingia. Neno hili mabaharia wa majahazi wanalijua: ni gurudumu dogo lenye mfuo, likaalo ndani ya kapi, ambalo kamba hupita juu yake wakati wa kutweka tanga. Katika bunduki tunayoizungumzia, roda mbili hukaa mdomoni, moja kila upande. Mpira haufungwi mdomoni tena. Hufungwa chini ya mti karibu na kipini, huenda mbele, huzunguka juu ya roda, na kurudi nyuma upande wa juu mpaka kwenye mshale. Fikra yenyewe si ngumu, lakini ilienea sana miongoni mwa wapiga mbizi katika miaka ya mwanzo ya karne ya 21.

Turudi katika hesabu yetu. Tuseme mpira una urefu wa sentimita 50 ukiwa umelegea, nao umefungwa chini ya mti sentimita 80 toka roda. Basi hata kabla ya kuusogeza kwenye mshale umekwisha vutwa mara 1.6. Mvuto huu twauita mvuto wa awali. Mvuvi anapouvuta sentimita 90 upande wa juu, urefu wote huwa 170, yaani mara 3.4. Akifyatua, mpira hausukumi kwa sentimita 63 bali kwa zote 90, na hata mshale unapotoka mdomoni mpira bado una mvuto. Zaidi ya hayo, mpira wa juu unapokimbia mbele, ule wa chini hurudi nyuma; uzito wao hukinzana, na bunduki huruka kidogo kuliko ile ya kawaida.

Lakini tusidanganyike. Roda haizai nguvu. Mvuvi ndiye aliyeuvuta mpira kwa sentimita 90 zote, tena akianza na mpira uliokwisha kukaza. Jasho lililoongezeka ndilo kasi iliyoongezeka. Roda imezuia upotevu tu.

Kuiweka sawa

Kwa kuwa akiba ni kubwa, kosa nalo huwa kubwa. Ndiyo maana bunduki ya roda yataka kutengenezwa kwa subira, na utaratibu wake twaweza kuueleza hivi.

Kwanza, roda. Zizunguke kwa wepesi na kwa usawa, mhimili uwe mnyofu, mfuo usiwe na ncha ya kuukata mpira. Chumvi na mchanga vioshwe kwa maji baridi kila baada ya safari.

Pili, mpira. Vipande viwili vikatwe katika mpira mmoja, unene mmoja, urefu mmoja kwa kipimo wala si kwa kukisia. Kipande kimoja kikizidi mwenzake, mshale utasukumwa upande, na mvuvi atailaumu shabaha yake bure.

Tatu, mvuto wa awali. Mwanzo uwe mdogo. Mvuvi apige shabaha majini, mahali pasipo na watu, kwa umbali ule ule, mara kadhaa, na aangalie mishale inapotua. Kisha aongeze mvuto kidogo na apige tena. Mishale ikianza kutawanyika, amevuka kiasi. Na arudi nyuma hatua moja. Mshale mwembamba ukisukumwa kwa nguvu nyingi hupinda na kuyumba kama ufito. Mshale mnene ukisukumwa kwa mpira dhaifu huinama kabla ya kufika. Kila mshale una mpira wake.

Nne, mizani. Roda huongeza uzito mdomoni. Bunduki inayoinamisha kichwa majini humchosha mvuvi mkono, naye hulenga chini ya samaki. Mti huongezwa unene au kitu cha kuelea upande wa mbele mpaka bunduki ilale sawa.

Tano, uzi, vitanzi na kifyatulio. Kamba hukatika pabovu, wahenga walisema. Basi pabovu patafutwe kabla ya samaki kupaona.

Mwisho, usalama. Bunduki haijazwi nchi kavu wala mashuani, haielekezwi kwa mtu, na huondolewa mvuto kabla ya kutoka majini. Wala mtu asizame peke yake, kwani wako wapiga mbizi hodari waliozimia wakiwa wanakaribia kuibuka, pasiwe na mtu wa kuwashika mkono.

Mpaka wa nguvu

Tulisema kuwa kila akiba ilidai mpaka wake. Ufaransa, nchi iliyoilea silaha hii, ndiyo pia iliyotunga sheria zilizo wazi. Haruhusiwi mtu kuvua kwa bunduki ya mshale akiwa na chombo cha kumpa hewa chini ya maji, kama kile kilichobuniwa na Cousteau na Émile Gagnan mwaka 1943. Haruhusiwi kutumia bunduki isukumwayo kwa baruti, wala kwa gesi iliyoshindiliwa, isipokuwa gesi hiyo imeshindiliwa kwa mkono wa mtumiaji mwenyewe. Haruhusiwi kuishika bunduki iliyojazwa nje ya maji. Tazama msingi wa sheria hizo: pumzi iwe yako, na nguvu iwe yako.

Hata hivyo pumzi na mkono peke yake vilitosha kuleta hasara. Chewa wa Mediterania ni samaki wa pangoni, mkubwa, asiyekimbia mbali. Humkodolea macho mgeni. Huanza maisha yake akiwa jike, na baadhi ya wakubwa hugeuka madume. Kwa hiyo mwindaji achaguaye mkubwa kwa ajili ya sifa huwaondoa madume, na majike hubaki bila wenzi. Chewa wakawa haba katika pwani ya Ufaransa. Mwaka 1963 ilianzishwa hifadhi ya taifa ya kisiwa cha Port-Cros, ambako uvuvi wa bunduki ulipigwa marufuku. Mwaka 1980 ilikatazwa kumpiga chewa katika Korsika, na mwaka 1993 katika pwani ya bara. Tangu hapo chewa wameonekana wakirudi.

Pwani ya Kenya ina kisa chake, lakini si cha sifa. Huko bunduki ya mshale, ambayo wavuvi huiita bunduki tu, hutengenezwa kwa mbao, nondo na mpira uliokatwa katika mipira ya ndani ya magurudumu. Aghalabu mwenye nayo ni kijana asiye na mashua wala nyavu, atafutaye kitoweo na senti kidogo matumbaweni. Serikali iliipiga marufuku mwaka 2001, pamoja na juya la kukokota, kwa hoja ya kulinda matumbawe na samaki wachanga. Wako walioiacha, na wako waliobaki nayo kwa kuwa hawakuwa na kingine. Mtu wa Antibes aliwekewa mpaka katika mchezo wake. Kijana huyu aliwekewa mpaka katika chakula chake. Mwalimu asiwachanganye wawili hawa mbele ya wanafunzi, wala asiifiche haki ya samaki kwa ajili ya huruma. Swali ni gumu, na darasa lastahili kuulizwa maswali magumu.

Tumetoka Semliki tukafika Marseille na kurudi pwani yetu. Mwalimu atakapoulizwa tena maana ya roda, na aitoe maana ya kamusi, kisha achukue kipande cha mpira na kigurudumu cha uzi, auvute mpira mbele ya wanafunzi. Waone kuwa kinachorudi ni kile kilichotiwa, wala hakizidi. Halafu awaambie wauvute zaidi, na zaidi, mpaka mmoja wao aseme basi. Neno hilo la mwisho ndilo ambalo mvuvi wa bunduki hulitafuta kila anapoongeza mvuto na kupiga shabaha, nalo ndilo ambalo chewa wa Port-Cros walisubiri kulisikia kwa miaka mingi.